Taa ya Sikudhani

Jina langu Sikudhani. Mwalimu wa darasa la tatu,
pale Gungu, alilifanya mzaha mbele ya wote:
"Limekufaa."
Nikacheka nao. Swali lenyewe nilikuwa nimeshalisahau.

Leo nina miaka arobaini na mmoja.
Mwezi huu nimeunguza sufuria tatu za maharage,
nimelipia umeme wa nyumba niliyohama mwaka juzi,
ufunguo nimeukuta ndani ya friji, kando ya nyanya.
Daftari langu la dagaa, pale Kibirizi,
lina kurasa kumi na nne zinazoanza "Leo",
halafu mkwaruzo wa wino,
halafu ndege niliyemchora badala ya hesabu.

Mshika mbili, walisema, moja humponyoka.
Waliosema hawakuniona mimi:
nimeshika kumi na moja,
zote zinateleza kama mgebuka mbichi.

Dokta Bukuru, mdogo kuliko kitinda mimba wetu,
hakusema uvivu. Hakusema jini.
Alisema, "Akili yako inafika, ila haikai.
Si ya watoto tu, hii. Inakua na mtu."
Akatoa kofia nyeusi, ndani imejaa vitaa
kama macho ya panya darini.
"Mwanga huu unapenya mfupa, kidogo tu.
Tunajaribu. Bado hatujui."
Nilimpendea hilo "hatujui".

Dakika kumi na mbili. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Wiki sita, kiti cha plastiki, pazia la kijani,
feni inayolia kila ikigeukia dirishani.
Wala sioni kitu, mwanga wenyewe jicho haulioni.
Ni joto tu pajini,
kama kiganja cha mama akipima homa.

Nikamkumbuka baba, fundi karabai.
Mikono yake ilinuka mafuta ya taa hata Idi.
Usiku wa giza taa zake zilitoka,
ziwa likapata mji wake,
na dagaa waliotapakaa maji mazima
wakaja, wakaja, wakazunguka
chini ya duara moja.
Hakuna aliyewachapa. Hakuna aliyewaita majina.
"Lakini taa haivui," baba alisema, akipiga pampu.
"Taa inakusanya. Wavu ni mkono wako."

Wiki ya nne Dokta akanikumbusha
kilichoandikwa kwenye karatasi niliyosaini
(sikuifikisha mwisho, nani angeshangaa):
nusu yetu tumevaa kofia ya kweli,
nusu tumevaa kofia inayopasha joto tu.
Na yeye mwenyewe hajui nani kavaa ipi.

Wiki ya tano mbalamwezi ikajaa.
Siku hizo karabai hulala ufukweni,
mbingu nzima ni taa,
dagaa hubaki popote wapendapo.
Nikaunguza sufuria ya nne.
Nikaikwangua nikilia, nikacheka, nikaacha kukwangua
kwa sababu nje mtu alipita na redio.

Halafu Alhamisi moja, saa nne asubuhi,
niliandika: Leo.
Beseni thelathini na mbili. Mama Zabroni anadaiwa saba.
Chumvi, magunia, ushuru, mbebaji.
Jumla.
Nikapiga mstari chini yake, mistari miwili,
nikatazama huku na huku kama mwizi.
Ukurasa mzima, na hakuna ndege.

Huenda ni mwanga.
Huenda ni kile kiti, dakika kumi na mbili
ambazo hakuna aliyeniita.
Huenda ni mtu kuniuliza habari zangu
akangoja mpaka nimalize kujibu.

Bahasha za majina zitafunguliwa Machi, tarehe tisa.
Nimeiandika kiganjani kwa kalamu ya kuandikia magunia.
Nimeshanawa mara mbili.
Bado inasomeka.